Siku za kitanda unazozihesabu si akiba ya hospitali

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni muuzaji wa vifaa tiba hapa Mwanza, ofisi yangu iko Ilemela. Naagiza konsentreta, mashine za umeme zinazochuja oksijeni kutoka hewani, za lita 5 kwa dakika, zimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kuna hospitali moja ya kanisa, upande wa visiwani, inataka mashine tatu. Mganga mfawidhi amezipenda, ila bodi imeniambia nilete andiko la kuonyesha faida yake kifedha kabla ya kikao cha mwezi ujao. Kipeperushi cha kiwandani kinasema mgonjwa anayepata oksijeni kwa wakati hulazwa siku mbili pungufu. Nimezidisha siku hizo mbili kwa gharama ya kitanda, shilingi 10,000 kwa siku, kwa wagonjwa 60 wa mwezi, nikapata akiba ya shilingi 1,200,000 kila mwezi. Je, hesabu hii inatosha? Kuna mshauri anataka milioni moja na nusu aniandikie ripoti kamili yenye kipimo cha afya kiitwacho QALY na vizingiti vya Shirika la Afya Duniani. Nimlipe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimlipe, na hiyo hesabu yako usiifikishe mbele ya bodi. Mashine zenyewe sina ugomvi nazo, hospitali ya visiwani inazihitaji kuliko hata unavyodhani. Tatizo ni kwamba umeitanguliza sababu iliyo dhaifu kuliko zote, na ile yenye nguvu hukuigusa kabisa.

Hiyo 10,000 umeitoa wapi? Nina hakika umeitoa kwenye orodha ya bei iliyobandikwa dirishani kwa keshia, maana ndiko karibu kila muuzaji anakoitoa. Basi hiyo si gharama ya hospitali. Ni mapato yake. Mgonjwa, au bima yake, ndiye anayelipa 10,000 ili alale pale. Ukimwambia mhasibu kwamba mashine zako zitapunguza siku 120 za kulazwa kila mwezi, yeye anasikia kwamba 1,200,000 hazitaingia tena, na wewe ndiye uliyemletea ushahidi kwa maandishi.

Nimekaa kwenye vikao vya ununuzi vya kutosha kujua kinachofuata. Mhasibu anashusha kalamu mstari kwa mstari mpaka afike kwenye neno "akiba", kisha anauliza kwa upole kabisa: "Hii akiba nitaiona kwenye akaunti ipi?" Muuzaji anarudia maneno ya kipeperushi. Mhasibu anarudia swali. Mwenyekiti anasema suala lifanyiwe kazi zaidi, na kikao kinahamia ajenda nyingine. Mashine nzuri zimekufa namna hiyo, na inaniuma kila mara kwa sababu wodini kuna watoto waliokuwa wanazisubiri.

Utaniambia: sawa, tuache bei ya kitanda, tuchukue gharama halisi ya siku moja ya kulazwa. Hapo napo uwe mwangalifu. Sehemu kubwa ya gharama ya siku ni mishahara, jengo, ulinzi na usimamizi. Mgonjwa akitoka Jumanne badala ya Alhamisi, muuguzi analipwa mshahara ule ule, na kama ameajiriwa na serikali akaazimwa hapo, mshahara wenyewe unatoka Hazina. Chakula kwenye hospitali zetu nyingi kinaletwa na ndugu. Kinachopungua kweli ni dawa za siku hizo mbili, glavu, maji ya dripu na oksijeni yenyewe. Hicho ndicho pekee unachoruhusiwa kukiita akiba, na utakikuta ni kidogo sana kuliko ulivyotarajia. Tena kitanda hakibaki kitupu. Wodi ya watoto msimu wa mvua, mtoto huyu akiruhusiwa asubuhi, saa sita mchana kitanda kina mwingine, mara nyingine wawili.

Halafu angalia nani analipa. Mgonjwa wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, hulipiwa kwa kila huduma aliyopewa, kwa bei iliyo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma za mfuko, kwa hiyo akitoka mapema hospitali inadai kidogo zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito wapo kwenye sera ya msamaha wa malipo. Kwa hao, pale msamaha unapotekelezwa, siku pungufu inaipunguzia hospitali mzigo kweli, maana dawa inatoka na hakuna anayelipa dirishani. Anayelipa taslimu yuko kundi lake peke yake. Makundi hayo matatu ukiyachanganya kwenye wastani mmoja umeharibu kazi. Na usijenge andiko zima juu ya bei za bima. Tuliona Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha kwa muda huduma kwa wanachama kwa sababu ya bei. Hospitali ina kumbukumbu ya mambo kama hayo.

Sasa twende kwenye nguvu yako, ambayo iko stoo ya mitungi.

Omba ruhusa kwa mganga mfawidhi uingie humo na mfamasia au mtunza stoo. Utakuta mitungi imefungwa mnyororo ukutani, mingine imeandikwa "tupu" kwa chaki, na daftari la kupokea na kutoa. Daftari hilo lina thamani kuliko ripoti yoyote utakayoandikiwa. Hesabu mitungi iliyotumika mwezi kwa mwezi kwa mwaka mzima, kwa sababu homa ya mapafu ina misimu yake. Kisha nenda uhasibu uombe risiti za kujaza na za usafiri. Hapo ndipo kisiwa kinapoingia kwenye hesabu: mtungi unashushwa wodini, unapakiwa gari, unavuka ziwa, unajazwa, unarudi njia ile ile, na kila hatua ina kuli, nauli na mafuta. Wasafirishaji wengine hawataki kuuchanganya na abiria, na wana haki. Chombo kikiahirishwa kwa sababu ya mawimbi, hospitali inakodi kingine. Fedha hizo hutoka kwenye akaunti ya hospitali kila mwezi, na mhasibu anazijua kwa majina.

Nikupe mfano, ila bei hizi ni za kuonyeshea tu. Weka za kwao. Tuseme wanatumia mitungi mikubwa 30 kwa mwezi, kujaza ni 50,000 na usafiri 15,000 kwa mtungi. Hiyo ni 1,950,000 kwa mwezi. Usiwaambie kwamba yote itaisha. Umeme unakatika, na konsentreta bila umeme ni sanduku tu. Mgonjwa anayehitaji mkondo mkubwa wa oksijeni bado atahitaji mtungi. Kwa hiyo acha mitungi 10 ibaki kila mwezi, uhesabu 20 tu, ambayo ni 1,300,000. Toa umeme: mashine ya lita 5 hula takriban wati 350, kwa hiyo mashine tatu zikifanya kazi saa 12 kwa siku zitakula uniti 378 kwa mwezi, na kwa 350 kila uniti ni 132,300. Toa matengenezo. Watu wa vifaa tiba hukadiria asilimia 5 hadi 10 ya bei ya kununulia kila mwaka, chukua 8. Kama mashine tatu ni milioni 12, hiyo ni 960,000 kwa mwaka, sawa na 80,000 kwa mwezi. Inabaki 1,087,700. Kwenye bei ya ununuzi ongeza stabilaiza ya umeme, kipimo cha kukagua usafi wa oksijeni na mafunzo, tuseme milioni moja na nusu. Jumla milioni 13 na nusu, inarudi kwa miezi 12 na siku kadhaa.

Ukishamaliza hapo, iharibu hesabu yako mwenyewe kabla mwingine hajaiharibu. Mashine moja ikilala kwa kukosa spea, au wauguzi wakaendelea na mitungi kwa mazoea, zikaokolewa 12 tu badala ya 20? Inabaki 567,700 kwa mwezi, na fedha inarudi baada ya karibu miaka miwili. Andika na hiyo pia, ukurasa ule ule, herufi zile zile. Wauzaji wanaogopa kuandika hali mbaya wakidhani inafukuza mteja. Mhasibu aliyezoea kudanganywa akiona umeandika hali mbaya kwa mkono wako, ndipo anaanza kuiamini ile nzuri.

Kuna gharama nyingine halisi ambayo hukuitaja: rufaa. Mtoto akiishiwa oksijeni kisiwani, anapelekwa hospitali ya Sekou Toure au Bugando, Mwanza mjini. Dizeli ya gari la wagonjwa, nauli ya kivuko au boti ya kukodi, posho ya muuguzi anayesindikiza, na mtungi wa njiani. Tafuta kwenye rejista ni rufaa ngapi mwaka jana zilitokana na kukosa oksijeni peke yake. Ni ngapi, si "nyingi". Zikiwa nne, andika nne. Mtoto anayepelekwa Bugando kwa tatizo la moyo angepelekwa hata kama kisiwa kizima kingekuwa na oksijeni, kwa hiyo huyo usimhesabu.

Kuhusu tiba, usitegemee kipeperushi. Kuna utafiti wa kweli uliochapishwa 2008 kutoka Papua New Guinea, nchi yenye hospitali ndogo zilizo mbali na mji kama zetu za ziwani. Hospitali tano ziliwekewa konsentreta pamoja na oksimita za kupima oksijeni kwenye damu. Vifo vya watoto waliolazwa kwa homa ya mapafu vilishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22. Zingatia maneno "pamoja na oksimita". Bila kipimo hicho muuguzi anakisia nani apewe na nani aachishwe, na mashine yako inaungua umeme kwa mtoto asiyeihitaji huku anayeihitaji yuko kitanda cha pili. Kama hospitali haina oksimita za kutosha wodini, ziweke kwenye nukuu yako. Ukurasa huo wa vifo uweke peke yake, na usiugeuze kuwa shilingi. Bodi ya hospitali ya kanisa inajua thamani ya mtoto, haihitaji umpangie bei.

Na zile siku mbili za kulazwa? Kama unazo takwimu za kuaminika, zina mahali pake. Mama aliyetoka Ukara na mtoto, ameacha dagaa juani na wengine watatu kwa jirani, anajua siku mbili zina thamani gani. Nduguye anayepanda boti kila siku kumletea uji anajua. Ila faida hiyo ni ya familia na ya jamii. Iandike hivyo, "faida kwa familia", na mbele ya halmashauri au mfadhili isome kwa sauti. Usiichomeke kwenye safu ya akiba ya hospitali, kwa sababu ukikamatwa na mstari mmoja wa namna hiyo, na ile mingine ya kweli haitasomwa.

Sasa nizungumze na wengine pia, maana swali lako nalipata kila wiki kwa sura tofauti: mwenye ultrasaundi, mwenye mashine ya kusafisha figo, mwenye programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Wote wamebeba jedwali lililotengenezwa Ulaya au Marekani, wakabadilisha dola kuwa shilingi, wakaweka nembo yao juu. Kule bima nyingi humlipa hospitali kiasi kimoja kwa ugonjwa mzima, kwa hiyo mgonjwa akitoka mapema, kilichobaki ni cha hospitali. Hesabu yao ni sahihi kwao. Ukiihamishia hapa, ambako malipo ni kwa kila huduma na mshahara unatoka kwingine, kila tarakimu inabaki na sura ya ukweli na ukweli wenyewe haupo.

Huyo mshauri wako wa milioni moja na nusu yuko kwenye biashara hiyo hiyo, ila na msamiati mzito zaidi. QALY ni kipimo cha miaka ya maisha kikirekebishwa kwa ubora wa afya. Ni kipimo halali na mimi mwenyewe hukitumia, pale serikali au mfuko wa bima unapoamua huduma ipi iingie kwenye kitita cha nchi nzima. Uingereza kwa miaka mingi walipima dawa mpya kwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa QALY moja, kwa sababu mlipaji wao ni mmoja. Bodi ya hospitali yako haiamui kwa ajili ya nchi. Inaamua kama ina milioni 13 na nusu na kama zitarudi. Na hicho "kizingiti cha Shirika la Afya Duniani" anachotaka kukuuzia, cha kusema kitu kinafaa kikigharimu, kwa kila mwaka wa maisha yenye afya kinaookoa, chini ya mara tatu ya wastani wa pato la mtu mmoja nchini kwa mwaka, wataalamu wa shirika hilo hilo waliandika mwaka 2016 kwenye jarida lao kwamba kisitumike peke yake kuamua. Kwa kizingiti hicho karibu kila kitu kinafaa, ndiyo maana wauza ripoti wanakipenda.

Jambo la pili ni mashine zenyewe. Wakati wa UVIKO-19 soko lilijaa vimashine vya bei nafuu vilivyoandikwa "lita 1 hadi 7". Vingi vyake hutoa oksijeni ya asilimia 90 ukiweka lita moja, na ukipandisha mkondo usafi unaporomoka hadi karibu 30, kiasi cha kumpa mgonjwa hewa isiyotofautiana sana na ya dirishani. Mashine ya hospitali inatakiwa isishuke chini ya asilimia 82 kwenye mkondo wowote iliyoandikiwa, na ilie kengele ikishuka. Nenda na kipimo cha usafi kwenye maonyesho yako, pandisha mpaka lita 5, iache saa nzima, na mpe fundi wa vifaa tiba asome mwenyewe. Mwonyeshe chujio la vumbi linavyotoka na kuoshwa. Mwambie wazi kwamba zeolaiti, ile chembechembe inayochuja naitrojeni, huharibiwa na unyevu, na kando ya ziwa unyevu tunao. Fundi huyo ndiye atakayeulizwa na bodi ukishaondoka chumbani. Mapitio yaliyochapishwa 2011, ya vifaa zaidi ya 112,000 kwenye nchi 16 zenye uwezo mdogo, yalikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi, na sababu kubwa zilikuwa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Faida yote tuliyoikokotoa hapo juu inadhani mashine inawaka.

La mwisho ndilo linalonikasirisha kuliko yote, na hospitali ndogo za ziwani ndizo zinazoumia: mashine ya bure. Muuzaji anakuja na mashine ya maabara, haitozi kitu, hospitali inasaini kununua vitendanishi vyake tu, yaani kemikali za kupimia. Mashine imefungwa, haikubali vitendanishi vya mwingine. Kasha moja la vipimo 300 kwa 900,000 linaonekana kuwa 3,000 kwa kipimo. Hospitali inayopima wagonjwa 90 kabla kasha halijaisha muda imelipa 10,000 kwa kipimo, na kama inatoza 5,000 inapoteza kila inapomsaidia mtu. Wengine wanagundua mwaka wa pili, mkataba una mitatu. Kabla ya kusaini, hospitali idai kwa maandishi bei ya jibu moja lililotoka, ikihesabiwa na vilivyoharibika, vilivyoisha muda na vya kuhakiki ubora, kwa idadi yake halisi ya wagonjwa. Iulize pia mashine ni ya nani mkataba ukiisha, na nani anakuja Ukerewe au Buchosa ikizima, kwa siku ngapi. Muuzaji asiyetaka kuandika hayo, mlango aonyeshwe.

Nawe, kuna mtu atakushawishi uzigawe konsentreta kwa bei ya hasara ili uje ule kwenye spea. Usikubali. Kwenye nukuu yako weka bei za machujio, zeolaiti na matengenezo kwa miaka mitano, pamoja na jina la fundi wenu aliye Mwanza na muda atakaotumia kufika. Hesabu ya mitungi iweke ukurasa wa kwanza, na nakala za risiti zao nyuma yake.